Anatoka boloko, anaomba shamba: koperative imjibu nini?



Katika namba hii tunaacha kidogo mambo ya viwavi na mbolea. Tunazungumza juu ya swali ambalo linakuja katika mikutano yenu, na ambalo watu wanapenda kulikwepa. Kijana alikuwa katika genge la mjini. Alikamatwa, akafungwa boloko miaka kadhaa. Sasa ametoka, amerudi kwa wazazi wake kijijini. Siku moja anasimama mbele ya komite: anaomba kipande cha shamba, ao kazi kwenye depo, ao nafasi katika likelemba. Watu wanatazamana. Mmoja anasema: «Mchovya asali hachovyi mara moja.» Mwingine anajibu: «Ni mtoto wetu, tumtupe wapi?» Komite inabaki katikati, na kijana anaambiwa arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika, anaambiwa vile vile.

Sisi tunaona kwamba jibu la «rudi wiki ijayo» ndilo baya kuliko yote. Kukataa waziwazi kunaeleweka. Kukubali kwa masharti kunaeleweka zaidi. Lakini kumngojesha mtu ambaye hana chakula cha leo ni kumwonyesha njia ya kurudi kule alikotoka. Tueleze juu ya nini tunasema hivyo, na namna koperative inaweza kumpokea kijana kama huyo bila kuhatarisha mali ya wanamemba.

Vijana hawa wanatoka wapi

Kila mji mkubwa una magenge yake. Yanayojulikana zaidi katika nchi yetu ni ya Kinshasa, wale watu wanaitwa kuluna. Ni vijana wa kartie, wanatembea kwa vikundi, wengine na mapanga mkononi. Wananyang’anya telefoni, sakoshi na pesa, na wanapigana kundi na kundi. Watu wengi wameumizwa, wengine wamekufa. Hatutaki mtu asome makala hii akafikiri kwamba tunalifanya jambo hili kuwa dogo.

Leta imejaribu nguvu mara nyingi. Mnamo Novemba 2013 polisi ilianza operesheni Likofi, maana yake ngumi, katika Kinshasa. Shirika la Human Rights Watch liliandika katika ripoti yake ya mwaka 2014 kwamba vijana wasiopungua 51 waliuawa katika operesheni ile, na wengine 33 hawakuonekana tena. Je, kuluna waliisha? Hapana. Miaka iliyofuata wakaaji wa Kinshasa waliendelea kuwalalamikia, na operesheni nyingine zilifuata.

Wengine walipelekwa mbele ya zuzi. Kanuni ya adhabu ya nchi yetu inaadhibu vikali sana kosa la kufanya genge la wahalifu, na inaweza kufika hata hukumu ya kifo. Wengi walifungwa miaka mingi. Lakini miaka inaisha, na mlango wa boloko unafunguka siku moja. Tena Kanuni inaruhusu mfungwa mwenye mwenendo mzuri kutolewa kwa masharti akiisha kufanya robo ya adhabu yake, kama robo hiyo inapita miezi mitatu. Kwa hiyo hatuulizi kama watatoka. Wanatoka. Tunauliza wakitoka watakutana na nini.

Genge linampa kijana nini

Mkulima akitaka kung’oa magugu, anatafuta kwanza mizizi yake. Tukitazama vizuri, genge linampa kijana vitu vitatu.

Cha kwanza ni chakula cha leo. Genge halimwambii kijana angoje mavuno. Usiku wanapora, asubuhi wanagawana.

Cha pili ni jina. Kijana ambaye hakumaliza shule, hana kazi, hana shamba, nyumbani anaitwa mzigo. Katika genge anapewa jina la kuogopwa. Jina baya ni jina pia, na mtu hapendi kuishi bila jina.

Cha tatu ni watu. Akigonjwa, wenzake wanakuja. Akishikwa, wanatafuta njia ya kumtumia chakula. Akiwa peke yake hana wa kumsemea.

Sasa tazameni boloko inaongeza nini juu ya hayo. Boloko ya Makala katika Kinshasa ilijengwa kwa watu 1.500. Mwaka 2024 ilikuwa na watu zaidi ya 12.000 ndani, na wengi wao walikuwa wakingoja bado kuhukumiwa. Katika boloko nyingi za kwetu mfungwa anakula kile ambacho jamaa ao watu wa kanisa wanamletea. Wafungwa wenyewe wana kapita wao, ndiye anapanga nani alale wapi na nani afanye kazi gani. Kijana asiye na jamaa karibu anajiegemeza kwa wenye nguvu ili apate kuishi. Ndiyo sababu wengine wanaingia kwa wizi wa telefoni, wanatoka wakijua wezi wa magari.

Akitoka, genge bado linamkumbuka. Kijiji, kinyume chake, kimemsahau ao kinamwogopa. Shamba la baba limegawiwa kwa wadogo zake. Vile vitu vitatu, chakula cha leo, jina na watu, genge peke yake ndilo liko tayari kumpa siku hiyohiyo.

Na hapa tunafikia neno letu kubwa. Katika kijiji, koperative ni moja ya makundi machache ambayo yanaweza kutoa vyote vitatu kwa njia ya haki. Ina kazi, kwa hiyo inaweza kutoa chakula. Ina vitabu vya hesabu, kwa hiyo inaweza kumjengea mtu jina kidogo kidogo, kwa maandishi. Na ina watu wanaokaa pamoja kila wiki. Lakini lazima ifanye hivyo kwa kanuni, haitoshi kumwonea mtu huruma.

Mifano miwili: moja ya kwetu, moja ya mbali

Mfano wa kwanza uko katika jimbo la Haut-Lomami, teritware ya Kaniama. Hapo Kaniama-Kasese kuna kituo cha Service National, utumishi wa taifa ulioundwa mwaka 1997. Tangu mwaka 2020 leta ilianza kupeleka huko vijana wa kuluna kutoka Kinshasa. Huko wanapewa mafunzo, wanalima mashamba makubwa ya mahindi, wengine wanajifunza ujenzi na useremala, na wametengeneza madeski ya shule. Wanaitwa «wajenzi», si kuluna tena. Watetezi wa haki za binadamu waliuliza swali la maana: ni kwa sheria gani mtu anapelekwa mbali bila kupita kwanza mbele ya zuzi? Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Lakini mkulima anaona pia jambo lingine: mikono ileile iliyojua panga la vita inaweza kushika panga la shamba, ikalima hata gunia la mahindi likaenda sokoni.

Kuna kitu kimoja kituo kama kile hakiwezi kufanya peke yake. Mashamba yale ni ya leta. Siku kijana anatoka, anaondoka na ujuzi katika kichwa, lakini shamba linabaki. Akifika kwa wazazi, ujuzi ule utakufa kama hakuna mtu wa kumpa hata ari chache za udongo. Hapo ndipo kazi ya koperative inaanza.

Mfano wa pili unatoka mbali, katika mji wa Los Angeles, Marekani, ambako magenge yaliua vijana wengi sana katika miaka ya 1980 na 1990. Padri mmoja wa Wayezuiti, Greg Boyle, alikuwa paroko katika kartie maskini yenye magenge mengi. Mwaka 1988 yeye na wakristo wa parokia walianza kutafutia vijana hao kazi. Waajiri walikataa. Basi mwaka 1992 wakafungua tanuri yao wenyewe ya mkate. Kazi hiyo leo inaitwa Homeboy Industries, na imepokea maelfu ya watu waliotoka magenge na boloko.

Tunachukua mafundisho matatu kutoka kwao. Kwanza, mtu analipwa tangu anapoanza kujifunza, hangoji mpaka ajue. Pili, programu yao ni ya miezi 18. Hawakufikiri kwamba moyo wa mtu unageuka kwa semina ya siku tatu. Tatu, watu wa magenge yaliyokuwa maadui wanakanda unga kwenye meza moja. Ni vigumu kuendelea kumchukia mtu ambaye kila asubuhi mnabeba naye gunia moja.

Tumbo halingoji mahindi

Sasa turudi mashambani. Kosa tunaloona zaidi ni kumpa kijana shamba la mihogo ao mahindi, kumpongeza, na kumwacha. Hesabu ya kalenda inaonyesha kwamba hilo haliwezi kufaulu.

Katika sehemu za kusini, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, mvua inaanza Oktoba ao Novemba, na mahindi yanavunwa Machi mpaka Mei. Kijana akitoka boloko mwezi wa saba, atakaa miezi minane ao tisa kabla ya kuona gunia lake la kwanza. Katika Kivu kuna misimu miwili, A tangu Septemba na B tangu Februari, lakini hata huko atangoja miezi. Mihogo inaomba mwaka mzima ao zaidi. Ni nani atamlisha wakati huo wote? Kama hakuna jibu, genge litajibu.

Kwa hiyo mpangeni mavuno yake kwa ngazi nne.

Mavuno ya wiki: kazi ya kibarua inayolipwa kila wiki. Kusafisha depo, kufunga magunia, kufyatua matofali, kukata njia ya maji, kubeba mbegu. Alipwe kila wiki, si mwisho wa msimu.

Mavuno ya mwezi: mboga. Lengalenga inaanza kuvunwa baada ya mwezi mmoja hivi. Bustani ndogo ya ari moja, maana yake meta 10 kwa meta 10, karibu na maji, inatosha kuanza hata wakati wa kiangazi. Inampa mboga ya nyumbani, na kidogo cha kuuza.

Mavuno ya miezi mitatu: maharagi ya chini, yale yasiyopanda juu ya vijiti, yanakomaa kwa siku 75 mpaka 90.

Mavuno ya msimu: mahindi ao viazi vitamu, miezi minne ao mitano. Mihogo ije mwisho, wakati ameshaweza kungoja.

Kwa shamba la kwanza, ari 25, yaani robo ya hektari, zinatosha. Mahindi ya ari 25 yanaomba mbegu kilo 6 hivi. Maharagi yanaomba kilo 15 mpaka 20. Huo si mkopo wa kuangusha koperative. Mbegu akopeshwe kwa maandishi, arudishe wakati wa mavuno kwa kipimo kilekile mnachowaombea wanamemba wengine.

Na neno moja la haki, tunalisema bila kuficha: kazi sawa, malipo sawa. Tunasikia watu wanasema, «Anatoka boloko, ashukuru hata akilipwa nusu.» Hapana. Mtu anayefanyishwa kazi kwa nusu ya bei anajifunza kwamba njia ya haki ni ya wajinga. Tena wanamemba wengine wataanza kumchukia, kwa sababu anaharibu bei ya kazi yao.

Uaminifu unaandikwa katika kitabu

Wengi wanauliza: «Tutamwamini namna gani?» Tunajibu: msianze kwa kumwamini, anzeni kwa kupanga mambo vizuri ili uaminifu uonekane. Kanuni zinazofuata ni nzuri kwa kila mwanamemba. Ndiyo sababu hazimpi haya mtu mmoja peke yake.

Vyombo. Wengine wanaogopa kumpa panga kijana aliyejulikana kwa panga. Woga huo si ujinga. Basi andikeni kitabu cha vyombo: nani amechukua jembe, panga ao pompi, saa gani, amerudisha saa gani. Kila mtu aweke sahihi ao kidole, hata prezida. Kwa wiki za kwanza apewe jembe, na afanye kazi katika kikundi cha watu watatu ao wanne. Panga litakuja kwa zamu yake, kama kwa wengine.

Mizani. Wakati wa kupima mazao, watu wawili wasimame kwenye mizani: mmoja anapima, mwingine anaandika, na mwenye mazao anaona kwa macho yake. Ni mahali pazuri pa kumfundishia kijana hesabu, kwa sababu udanganyifu unaonekana mara moja.

Depo. Funguo mbili, watu wawili. Mlango haufunguki mmoja akikosa. Mwaka wa kwanza kijana asishike ufunguo, na aambiwe tangu mwanzo kwamba ni kanuni ya wanamemba wapya wote.

Sanduku. Asishike pesa za wengine kabla ya misimu miwili mizima. Katika likelemba, aingie kwa fungu dogo, na zamu yake ya kupokea iwe karibu na mwisho. Hivyo anaonyesha kwamba analipa hata kabla ya kupata, na kama akiacha njiani, hakuna aliyepoteza kitu.

Baada ya kila miezi mitatu, komite ikae naye na kitabu wazi: siku alizofika kazini, vyombo alivyorudisha, mkopo aliolipa. Msimsomee makosa peke yake. Kijana ambaye tangu utoto hakusikia mtu mzima akisoma jina lake kwa jambo jema, siku hiyo atasikia. Haba na haba hujaza kibaba. Jina jipya linajengwa vile vile, mstari kwa mstari.

Na kwa sababu jina lina uzito, msimwite kwa jina la genge, hata kwa mchezo. Katika kitabu aandikwe kama wengine, bila alama pembeni. Sisi watu wa mashirika vilevile tusimpige picha na kuiweka katika ripoti kama «kuluna wa zamani.» Picha hiyo itamfuata miaka 20.

Mchagulieni pia mtu mmoja wa kumfuata: mzee ao mama anayeheshimiwa, si ndugu yake wa damu, si mtu wa kumpeleleza. Huyo aonane naye kila wiki, amuulize habari za kazi, za nyumba na za moyo. Siku ngumu kuliko zote ni siku ya malipo. Hapo ndipo lutuku na kanyanga vinamwita, na rafiki wa zamani wanapiga simu. Mzee ao mama huyo ajue siku hiyo iko lini, na awe karibu. Kama kijana mwenyewe anakubali, sehemu ya malipo iingie moja kwa moja katika akiba yake, na kitabu cha akiba akishike yeye.

Wale walioumizwa

Iko jambo lingine ambalo watu wanalisahau kwa haraka ya kusamehe. Labda katika koperative yenu yuko mama aliyenyang’anywa mali, ao baba ambaye mtoto wake alikatwa panga. Kabla ya kumpokea kijana, komite iende kwao nyumbani, iwaulize kwa siri na kwa heshima: mnaonaje? Mnaogopa nini? Mnaomba nini?

Msiwalazimishe kusamehe mbele ya watu. Msamaha wa kulazimishwa ni kama mbegu iliyooza: unaipanda, haioti. Pengine wataomba asipangwe katika kikundi chao, ao asipite uwanjani kwao. Hayo yanawezekana, na komite iyaandike. Kama kijana anataka kurudisha kitu alichochukua, mbuzi ao pesa, aanze kidogo kidogo kwa jasho lake, na wazee wawe mashahidi.

Lakini kumbukeni, koperative si tribunali. Kama kuna kosa ambalo halijahukumiwa, na zaidi sana kosa la kubaka, mbuzi hazifuti kitu. Hilo ni la zuzi. Na aliyefungwa kwa kubaka wanawake ao watoto asipangiwe kazi ambako atakuwa peke yake nao. Usalama wao unakuja kwanza, hata kama yeye atasikia vibaya.

Karatasi na sheria

Kijana akikuja, mwombeni karatasi ya kutolewa boloko. Ni haki yenu kuiomba, na inamlinda yeye mwenyewe: mtu asiye nayo anaweza kukamatwa njiani kama mtoro. Mwambieni afanye kopi, aiache mahali pa salama. Kama ametolewa kwa masharti, muulize masharti ni gani na yanaisha lini, kwa sababu akiyavunja anaweza kurudishwa ndani. Safari ya kwenda soko la mbali, ambayo kwa mwanamemba mwingine si kitu, kwake inaweza kuwa kosa kama amekatazwa kutoka. Mtambulisheni pia kwa shefu wa kijiji, ili asisikie habari zake njiani.

Kama yuko chini ya miaka 18, njia ni nyingine. Kufuatana na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009, kesi ya mtoto inaenda kwa tribunali ya watoto. Msimpokee bila mzazi ao mlezi na mtu wa huduma ya jamii. Na kazi zake zisiwe za hatari: pompi ya dawa na magunia mazito si ya mtoto.

Je, sheria inakubali mtu aliyefungwa awe mwanamemba? Koperative zetu ziko chini ya sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyokubaliwa Desemba 2010 na inayotumika katika nchi yetu tangu Septemba 2012. Kati ya misingi yake ni hii: kuingia koperative ni kwa hiari, na mlango uko wazi kwa wote. Masharti ya kuingia yanaandikwa katika statuti zenu. Basi someni statuti kabla ya mkutano, si baada. Kuwa mwanamemba ni jambo moja, kuwa kiongozi ao kesiye ni jambo lingine. Mnaweza kufungua mlango wa kwanza leo, na kuacha wa pili kwa miaka ijayo.

Akianguka tena

Wengine wataanguka. Tusidanganyane. Lakini pangeni mapema namna ya kujibu, kwa sababu mkipanga siku ya hasira mtapanga vibaya.

Kuchelewa kazini, kulewa siku moja, kukosa mkutano: hayo ni makosa ya mwanamemba yeyote. Aonywe, aandikwe, aendelee. Kupoteza chombo: alipe kidogo kidogo. Kuiba mali ya koperative: asimamishwe, komite ikae kwa siku zilizoandikwa katika kanuni, asikilizwe, na mambo ya sheria yaende kwa wenye sheria. Kupiga ao kutisha watu: polisi na shefu waitwe siku hiyohiyo.

Na rafiki wa zamani wakikuja kumtafuta? Mwambieni tangu siku ya kwanza: «Wakikuja, tuambie. Hatutakuona kama msaliti.» Kijana anayefika usiku kwa mzee wake kusema, «Baba, wamekuja,» ameshachagua upande. Msimwache alale peke yake usiku huo.

Jambo moja lisifanyike kamwe: kupiga mtu mpaka kufa, ao kumchoma, kwa sababu tu jina lake lilitajwa. Kitu kikipotea, wa kwanza kushukiwa atakuwa yeye. Ndiyo faida nyingine ya kitabu cha vyombo na funguo mbili: vinaonyesha mwizi ni nani, na vinaonyesha pia ni nani hakuiba. Tumejua koperative ambamo kitabu kilimwokoa kijana, kwa sababu sahihi ya mwisho ilikuwa ya mtu mwingine, tena mtu wa heshima.

Mkulima anajua kwamba udongo uliochoka haupewi hukumu. Unapewa samadi, unapumzishwa, unapandwa maharagi kwanza, halafu unajaribiwa na mahindi. Haurudi kwa msimu mmoja, na kuna sehemu ambazo hazirudi. Lakini hakuna mkulima anayeacha shamba lake lote liwe pori kwa sababu ya kona moja. Kijana anayesimama mbele ya komite leo anaweza kukataliwa, anaweza kukubaliwa kwa masharti. Mpeni jibu, na mpeni leo.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wenu

1. Statuti zetu zinasema nini juu ya kuingia kwa mwanamemba mpya? Nani anakata shauri?
2. Kazi gani za kulipwa kila wiki ziko katika koperative yetu, hata wakati wa kiangazi?
3. Tuna kitabu cha vyombo? Depo yetu ina funguo ngapi, na nani anazishika?
4. Katika kijiji chetu, ni mzee gani ao mama gani kijana anaweza kumsikiliza?
5. Nani kati yetu aliumizwa, na je, tumeshamuuliza anaonaje?

Mkiisha kuzungumza, andikeni majibu katika kitabu cha mikutano. Monitere wenu akipita, mwonyesheni. Tutafurahi kusoma mlivyofanya, na kuwaeleza wengine katika namba zijazo.